Mto Tumboni

Wako watu wasemao kwamba kuchekesha ni kipaji kitupu, na kwamba mtu hafundishwi kuchekesha kama vile kuku hafundishwi kuparura. Usemi huu umerudiwa mara nyingi, darasani na nje ya darasa, hata umekuwa kama sheria. Atakaye kujua jinsi tanzia inavyojengwa hupewa saa nzima na ubao mzima. Atakaye kujua jinsi futuhi inavyojengwa huambiwa kwamba kichekesho kikielezwa hufa. Kwa hivi wanafunzi wanapotakiwa kutunga na kuigiza mchezo wa kuchekesha huenda jukwaani mikono mitupu, na mikono mitupu hushika kilicho karibu. Kilicho karibu ni mto. Mto hutiwa ndani ya kanzu, tumbo likatokeza. Kijana wa kiume hufungwa kanga mbili akaambiwa atembee kwa madaha. Mwingine huambiwa aseme kwa lafudhi ya kabila la jirani, au ajifanye kigugumizi, au achechemee. Watazamaji hucheka. Hoja hukomea hapo, maana hudaiwa kwamba kicheko ni ushahidi wa kutosha, na kwamba aliyekwisha kuchekesha hadaiwi zaidi.

Anadaiwa. Maneno mengi yamekwisha kusemwa juu ya ukatili wa mzaha wa namna hii, nayo ni maneno ya haki. Walakini yanaweza kuwekwa kando kwa muda, kwa kuwa mwenye kuutetea mto hutabasamu akisikia neno la adabu, akasema jukwaa si msikiti wala kanisa. Na ahesabiwe basi kwa ufundi peke yake, ufundi ambao mwenyewe hudai kuwa amezaliwa nao. Tumbo la mto humaliza habari yake mara lionekanapo. Lafudhi humaliza habari yake katika sentensi ya pili au ya tatu. Baada ya hapo mchezaji hana la kuongeza ila wingi: tumbo kubwa zaidi, sauti kali zaidi, kuanguka mara ya pili baada ya kuanguka mara ya kwanza. Atazamaye kwa makini huona kwamba kicheko cha ukumbi hupungua kadiri makelele ya jukwaani yanavyozidi, na kwamba katika robo saa ya mwisho wachekao ni rafiki za wachezaji.

Ushahidi dhidi ya mto hauna haja ya kutafutwa mbali. Umo barazani. Hadithi ya Abunuwasi na sufuria imesimuliwa pwani na bara kwa vizazi vingi. Abunuwasi huazima sufuria kwa jirani, akairudisha na sufuria ndogo ndani yake, akasema ile kubwa imezaa. Jirani hupokea zote mbili. Baada ya siku kadha Abunuwasi huazima tena, na safari hii hairudishi. Akiulizwa, hujibu kwa huzuni kwamba sufuria imekufa. Jirani hughadhibika: sufuria hufaje? Abunuwasi humjibu kwamba kila kizaacho hufa.

Hapana katika hadithi hii mtu mnene, wala kiguru, wala mwenye kusema vibaya. Jirani hana umbo, na wasimulizi wengi hawampi hata jina. Kicheko hutoka mahali pengine kabisa, napo paweza kuonyeshwa kwa kidole: hutoka katika ukimya wa jirani siku ile ya kwanza. Alijua kwamba sufuria haizai, lakini faida ilikuwa upande wake, akanyamaza. Msikilizaji aliuona ukimya ule, akauweka akiba, wala hakucheka sana. Siku ya pili ukimya ule ule hurudi kama deni, na mdaiwa ni yule yule aliyeutia sahihi. Iondolewe ziara ya kwanza, na kinachobaki ni mwizi wa sufuria na mtu aliyepata hasara, jambo lisilomchekesha yeyote. Kwa maana nyingine kicheko cha mwisho kilipandwa mwanzo, kikaachwa kiote. Na aliyekipanda alijua siku ya mavuno. Huu ni ufundi. Bibi aliyewasimulia wajukuu zake hadithi hii alikuwa na ufundi huo hata kama hakupata kuuita kwa jina lolote, na alijua vema kwamba akiharakisha ile ziara ya kwanza ameiharibu hadithi yote.

Hujibiwa kwamba hiyo ni ngano, na kwamba jukwaa lina masharti yake. Ni kweli. Na utazamwe basi mchezo wa Nikolai Gogol, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza St. Petersburg mwaka 1836, ambao wasomaji wa Kiswahili wanao kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali katika tafsiri ya Christon Mwakasaka. Mkuu wa mji mdogo, ulio mbali na makao makuu, apata habari kwamba mkaguzi yuaja kwa siri. Yeye na maofisa wake hawana usafi wa kukaguliwa. Wenyeji wawili, Bobchinsky na Dobchinsky, wamemwona kijana mgeni katika nyumba ya wageni, asiyelipa na asiyeondoka, tena huchungulia sahani za watu walapo. Wakata shauri kwamba ndiye. Kijana huyo, Khlestakov, ni karani mdogo aliyepoteza fedha zake kwa karata, naye achungulia sahani kwa sababu ana njaa. Mkuu wa mji aenda kumwamkia akitetemeka kwamba atafukuzwa kazi. Khlestakov ampokea akitetemeka kwamba atatiwa gerezani kwa deni la chakula. Karani akipaza sauti kwa woga, mkuu husikia ukali wa mamlaka. Mkuu akinyenyekea kwa woga, karani husikia hila ya kumpeleka kifungoni.

Gogol amegawa habari kama mirathi isiyo sawa. Mtazamaji amepewa yote. Kila mchezaji amepewa nusu, tena nusu itakayomdhuru. Kutoka hapo mtungaji hana haja ya kutafuta maneno ya kuchekesha, maana kila neno la kawaida, hata habari za chumba na za supu, limekuwa na maana mbili, na wa kuzisikia zote mbili ni mtu aliyekaa kitini ukumbini. Ndiyo maana mchezo huu haupungui nguvu katika sehemu zake za mbele, bali huongezeka. Khlestakov, akisha kushiba na kulewa, huanza kudanganya: supu huletewa kwa meli kutoka Paris, tikitimaji moja ni la rubli 700, matarishi 35,000 wametumwa kumtafuta. Uongo ni mkubwa kupita kiasi, nao waaminiwa, kwa sababu hofu ya waaminio ilijengwa mapema, jiwe juu ya jiwe. Mchezaji wa mto angeanza na matarishi 35,000. Gogol aliwaweka hata wakati ambapo mtu mzima mwenye akili asingeweza kukataa.

Gogol mwenyewe alitoka katika onyesho la kwanza hali amehuzunika, ingawa watu walicheka na Tsar Nicholas wa Kwanza alikuwamo ukumbini. Aliona kwamba mchezaji aliyepewa nafasi ya Khlestakov alimfanya kuwa mwongo wa michezo mepesi, mtu ajuaye kwamba anadanganya na atakaye watu waone kwamba anachekesha. Katika maonyo aliyowaandikia wachezaji baadaye alisisitiza kwamba kadiri mchezaji asivyofikiri juu ya kuchekesha ndivyo atakavyochekesha zaidi. Na awe na shughuli yake kwa moyo wote, kana kwamba ndiyo kazi kubwa ya maisha yake. Khlestakov hajui kwamba ni mwongo. Anaposema habari za tikitimaji ana furaha ya kweli. Hapa ndipo mto unapoonekana kuwa adui wa kazi yenyewe, wala si pambo lisilodhuru: mto ni tangazo. Hutangulia mbele ya mchezaji ukawaambia watu kwamba huyu amekuja kuwachekesha, na tangu hapo hana shughuli nyingine duniani.

Tena lugha ya Kiswahili ina chombo cha kazi hii ambacho Gogol hakuwa nacho, nacho kimelala bila kutumiwa. Mkuu wa mji ni mtu mzima mwenye mvi. Khlestakov ana umri wa miaka kama 23. Na aigizwe kwa Kiswahili, mzee ainame atoe shikamoo kwa kijana mwenye njaa. Kijana asite, atazame nyuma yake aone ni nani aamkiwaye, kisha aitikie marahaba kwa sauti ndogo. Hapana mtu katika ukumbi wa Dar es Salaam au wa Mombasa atakayehitaji kuelezwa lililotukia. Mara ya pili kijana hatazami nyuma tena. Mara ya tatu anaingoja, na ikichelewa hukunja uso. Safari yote ya karani kutoka njaa hata ukubwa imesimuliwa kwa maamkizi matatu. Wanafunzi wanaoambiwa kwamba Kiswahili hakina vifaa vya futuhi isipokuwa lafudhi mbovu wamedanganywa, nao wamedanganywa na watu ambao hutoa na kupokea shikamoo kila siku.

Kurudia ni chombo ambacho watu wa mto hudhani wanakijua, kwa kuwa wao pia hurudia. Na walinganishwe na Molière. Katika Tartuffe, bwana mmoja aitwaye Orgon amekaribisha nyumbani kwake mtu wa dini za uongo, akamwamini kuliko jamaa zake. Orgon arudi nyumbani baada ya kutokuwapo siku mbili. Mtumishi, Dorine, amweleza kwamba bibi wa nyumba alishikwa na homa na kichwa. Orgon auliza: Je, Tartuffe? Dorine ajibu kwamba Tartuffe ni mzima, amenenepa. Orgon amhurumia, masikini! Bibi hakuweza kugusa chakula cha usiku. Je, Tartuffe? Alikula kwanga wawili na nusu ya paja la kondoo. Masikini! Bibi hakulala. Tartuffe alilala hata asubuhi. Bibi alitolewa damu. Tartuffe alikunywa bilauri nne za mvinyo, kufidia damu iliyomtoka bibi. Swali moja na huruma moja, mara nne.

Kwa nini mara ya nne huchekesha kuliko ya kwanza, ilhali anguko la nne la mtu wa mto huchosha? Kwa sababu maneno ya Orgon hayabadiliki, na kila kiyazungukacho hubadilika. Kila safari mke yu taabani zaidi na mgeni ameshiba zaidi, na Orgon amebaki pale pale. Pengo ndilo likuwalo. Isitoshe, Dorine alipofika mara ya pili alikwisha kutambua, na tangu hapo huchagua habari zake kwa makusudi ili amnase tena bwana wake. Mtazamaji hungoja kuona kama atanaswa, naye hunaswa. Mtu aangukaye mara nne huanguka katika sakafu ile ile. Yastahili pia kutajwa, ingawa kwa kupita, kwamba Tartuffe mwenyewe haonekani jukwaani hata sehemu ya tatu ya mchezo: watu wamemla, wamemtema na kubishana juu yake kabla hajatia mguu, hata neno lake la kwanza, ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa la kawaida, lapokewa kwa kicheko.

Watetezi wa mto wana majibu, na baadhi yao ni wasomi. Wa kwanza humtaja Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, aliyekiona kicheko kuwa fahari ya ghafula ya mtu ajionaye bora kuliko mwenziwe. Kisha humtaja Henri Bergson, ambaye katika kitabu chake juu ya kicheko, kilichotoka Ufaransa mwaka 1900, alieleza kwamba kicheko hutaka moyo unyamaze kwa muda. Kama kicheko ni dharau, wao husema, kuna kosa gani kumdharau kiguru? Lakini wamesoma nusu ya kitabu. Bergson huyo huyo alisema kwamba kichekeshacho ni ukakamavu, mtu kuwa kama mashine mahali palipotakiwa wepesi wa kiumbe hai. Orgon ni mashine kwa hiari yake; angeweza kuuliza habari za mkewe. Kiguru hakuchagua. Na hata kwa hesabu ya ukumbi peke yake, hatari iko wazi: mchezaji achechemeaye hajui ni nani aliyeketi safu ya tatu, aliyekuja na ndugu yake mwenye mkongojo. Moyo ulioambiwa unyamaze huamka hapo, na nusu ya kicheko hugeuka aibu. Orgon hana hatari hiyo. Kila mtazamaji humwona katika Orgon jirani yake, wala hapana ajionaye mwenyewe.

Jibu la pili ni zito zaidi, maana limetoka karibu. Mzee Ojwang wa Vitimbi aliichekesha Kenya kwa miaka mingi kwa lafudhi ya Kijaluo. Na Benson Wanjau, aliyekuwa Ojwang hata alipofariki mwaka 2015, hakuwa Mjaluo. Je, huo si ushindi wa lafudhi? Haifai kukataa kwamba lafudhi ilikuwa na sehemu yake. Ilikuwa mlango. Walakini watu hawakurudi wiki baada ya wiki kuutazama mlango. Walirudi kumtazama mume ajidhaniye mtawala wa nyumba, na kungoja ni lini Mama Kayai atamjulisha lililo kweli. Na Ojwang alilitafuta kila jambo, hata dogo, kwa bidii ile ambayo Gogol aliitaka, kama mtu asiyejua kwamba yuko mbele ya watu. Wenye kuiga lafudhi yake wameweza kuchukua lafudhi. Hilo lingine halichukuliki kwa kuiga sauti.

Na kama ni historia itafutwayo, basi na itafutwe yote. Vichekesho vya mijini wakati wa ukoloni vilimfanya mshamba kuwa shabaha, yule ajaye mjini mara ya kwanza asijue kuvuka barabara, pamoja na mwenye duka wa Kiarabu au wa Kihindi na Kiswahili chake. Mcheshi alikuwa mtu wa mjini, naye alicheka kwa nguvu kwa sababu jana yake tu alikuwa mshamba. Lafudhi iliyo jukwaani leo ni mrithi wa kicheko kile. Hubadilishwa kabila, haibadilishwi kazi.

Jibu la tatu ni lile la kipaji: wacheshi wa zamani walibuni papo kwa papo, bila maandishi wala mafunzo. Hili hurudiwa na watu wasiojua kubuni kulikuwaje. Wachezaji wa Kiitalia waliokuwa Paris chini ya Scaramouche, ambao Molière aligawana nao ukumbi mwaka 1658, walikuwa wakibuni kweli, lakini walibuni kutoka akiba ya vitendo walivyovifanyia mazoezi miaka mingi, kila kimoja na mahali pake na kipimo chake cha muda, kama mpiga zumari ajuaye vipande mia na kuchagua kimoja. Molière naye alikuwa amekwisha kuzunguka mikoani kwa miaka zaidi ya kumi kabla ya kufika hapo. Kipaji kilikuwapo, nacho kilifanyiwa kazi kwa muda ambao mwanafunzi wa leo angeweza kumaliza shahada tatu.

Molière aliweza hata kutumia ugonjwa wake mwenyewe, na hapa watetezi wa mto huona wamepata mtu wao. Alikuwa na kikohozi, naye katika mchezo wa mwaka 1668 juu ya bakhili Harpagon alimpa bakhili yule kikohozi hicho. Lakini na isomwe sehemu yenyewe. Harpagon, mzee atakaye kuoa msichana, akiri kwamba kikohozi humsumbua mara kwa mara. Na Frosine, kuwadi atakaye fedha zake, amjibu kwamba kikohozi chake hakimwondolei uzuri, tena kwamba ana madaha akikohoa. Kicheko ni cha sifa hiyo na cha mzee aipokeaye. Kikohozi kimetumika kama Abunuwasi alivyotumia sufuria ndogo, kumjaribu mtu atakubali nini likimpendeza. Mwaka 1673, katika onyesho la nne la mchezo wake juu ya mtu ajidhaniye mgonjwa, Molière alishikwa na ugonjwa wa kweli mbele ya watu, akajitahidi kuuficha kwa kicheko mpaka mchezo ukamalizika, akafa usiku ule ule. Mwili uliokuwa ukifa ulifichwa ili watu wacheke hofu ya Argan.

Yasemwayo darasani kwamba futuhi ni chakula chepesi, kifaacho jioni ya sherehe baada ya tanzia kukamilisha kazi nzito, yangekuwa na nguvu kama wenye mamlaka nao wangaliamini hivyo. Tartuffe ulionyeshwa Versailles mwaka 1664, ukakatazwa kuonyeshwa hadharani. Mwaka 1667 Molière alijaribu kuuonyesha kwa jina lingine, ukakatazwa tena, na Askofu Mkuu wa Paris akatangaza kuwatenga na kanisa wale watakaouigiza, watakaousoma au watakaousikiliza. Ruhusa ilipatikana mwaka 1669, baada ya maombi kupelekwa kwa Mfalme zaidi ya mara moja. Watu wale waliutambua ufundi kabla ya maprofesa, wakajua kwamba mtazamaji aliyecheka mara nne kwa Orgon atarudi nyumbani na swali juu ya mgeni wake mwenyewe. Kwa ajili ya mto uliotiwa ndani ya kanzu hapana askofu aliyepata kujisumbua kuchukua kalamu.